Niliuliza Wote, Yeye Sikumuuliza

"Nani alikuambia nilivuliwa?"

Hata mkoba sikuwa nimeuweka chini. Mume wangu alikuwa amesimama katikati ya sebule, unga bado kwenye nyusi, amenielekezea simu kama askari anayeonyesha kitambulisho. Simu yenyewe ilikuwa ya jirani. Yake ni ya vitufe, haifungui makala.

"Vua viatu kwanza, umemwaga unga kwenye zulia," nikajaribu mzaha.

"Nimekuuliza, mke wangu. Nani alikuambia nilivuliwa usimamizi kwa sababu ya uzee?"

Nikaitazama ile simu. Ilikuwa makala yangu.

Nina miaka arobaini na saba. Kazi yangu ni kufua na kupiga pasi mashuka ya hoteli, kuanzia alfajiri mpaka saa tisa mchana. Mwaka huu, kwa neema ya Mungu, nilijiunga na masomo ya jioni ya kuandikia wasomaji wa mtandaoni. Tuko kumi na wanane, na mwalimu wetu ningeweza kumzaa. Anatufundisha kumwandikia mtu anayesoma kwa kidole gumba huku anangoja foleni: mstari wa kwanza umkamate shati, aya ziwe fupi, jambo kubwa litangulie.

Kazi ya mwisho ilikuwa makala ya kweli kuhusu mtu tunayemfahamu, iwekwe kwenye ukurasa wa chuo. Atakayewashinda wenzake angepewa nafasi ya kuandika kwenye ukurasa huo kila wiki. Nafasi ile niliitaka mpaka naiota. Niliiombea kwa magoti.

Nikamwandika mume wangu. Mstari wa kwanza ulisema: "Walimvua mume wangu usimamizi kwa sababu amezeeka, na siku hiyo hiyo maisha yangu yakaanza."

Kwa siku mbili wakaisoma watu elfu kumi na moja. Mwalimu aliurudia mstari ule mara mbili mbele ya darasa. Nilirudi nyumbani ninaimba.

"Wameisoma kiwandani," mume wangu akasema. "Kwa sauti, wakati wa chai. Mfungashaji mmoja akanivutia kiti. 'Kaa mzee, usije ukatuangukia kwenye mikate.' Wakacheka wote. Miaka ishirini na mbili nakanda unga pale, leo ndiyo nimepewa kiti."

"Lakini wewe mwenyewe uliniambia umeshushwa!"

"Nilikwambia nimeshushwa. Uzee umeutoa wapi?"

"Nilithibitisha. Nilimpigia Hamira."

Hamira ni mwokaji mwenzake. Tunamwita hivyo kwa sababu huumuka upesi.

"Hamira alisema nimezeeka?"

"Alisema siku hizi ofisi inapenda wasimamizi vijana."

"Inapenda vijana. Basi wewe ukajumlisha."

Kweli, nilijumlisha.

"Ulimpigia Hamira," akaendelea, sauti imeshuka, na mume wangu akishusha sauti ujue ameumia. "Uliwauliza wenzako hotelini watu wanastaafu na miaka mingapi. Ukamuuliza hata mama, ambaye asubuhi ya leo kaniita mjomba. Mimi na wewe tunalala mto mmoja. Mimi hukuniuliza."

Akaweka simu ya jirani mezani, taratibu, akaingia chumbani kwa mama yake.

Nikakaa. Simu yangu ikalia. Hamira.

"Shemeji, umenipaka tope mchana kweupe! 'Kwa mujibu wa mfanyakazi mwenzake.' Kiwanda kizima wanajua mwenzake ni mimi! Nani mwingine anavumilia kuongea naye?"

"Nisamehe, shemeji."

"Samahani haifungi mdomo wa mtu. Na halafu, nani kashushwa? Mimi nilikwambia hayuko tena kwenye usimamizi. Neno kushushwa nililitaja?"

"Tofauti yake ni nini?"

"Tofauti ni barua! Barua niliyoipeleka ofisini kwa mkono wangu huu, kwa sababu yeye alishindwa kumtazama meneja usoni!"

"Barua gani?"

"Aa," nikasikia. " Kumbe hujui." Sauti yake ikanywea kama mkate uliotolewa kwenye tanuri kabla ya wakati. "Basi shemeji, ngoja nikate, naona mvua inakuja."

Nje jua lilikuwa linachoma.

Niwarudishe nyuma kidogo. Mama mkwe wangu husahau. Mwaka jana alipatikana kituo cha basi, amevaa kiatu kimoja, anamngoja mumewe aliyefariki zamani. Tangu siku hiyo haachwi peke yake. Asubuhi mume wangu alikuwa naye, jioni mimi, kwa sababu zamu aliyokuwa akiisimamia ilianza saa tisa na nusu. Fomu ya masomo ilipokuja, niliijaza, nikaikunja, nikaiweka chini ya godoro. Ningeenda vipi darasani? Nilifunga siku tatu, nikasali.

Wiki mbili baadaye mume wangu alirudi akasema, "Wamenishusha. Wamenitupa zamu ya asubuhi, kukanda. Jioni nitakuwepo. Kama ile fomu bado unayo, ipeleke." Mama tukampatia binti wa jirani wa kukaa naye mpaka saa nane mchana. Nami nikamsifu Mungu. Siku ya kwanza darasani nilisimama mbele ya watu kumi na saba nikashuhudia kwamba njia imefunguka.

Nikaenda chumbani. Mume wangu alikuwa amepiga magoti kwenye mkeka, anamkata mama yake kucha za miguu.

"Nimekuja kukuuliza," nikasema.

"Umeshaandika."

"Mwalimu ametufundisha maswali sita. Nani, nini, wapi, lini, vipi. Hayo matano niliyajibu. Moja nililikisia."

"Shika mguu huu, mama anautikisa."

Nikapiga magoti, nikashika.

"Kwa nini uliandika barua?"

Kikata kucha kikasimama.

"Hamira mdomo wake hauna kizibo."

"Kwa nini, mume wangu?"

Akapuliza unga uliokuwa umeganda mkononi mwake, akaanza kucha nyingine.

"Nilikusikia ukisali," akasema. "Ulifikiri nimelala. Ulisema, 'Mungu wangu, kama njia haipo, basi niondolee hamu hii.' Mambo mengine yote ungeyaomba ningenyamaza. Lakini hilo? Mtu aombe kuondolewa hamu ndani ya nyumba yangu, na mimi nipo hai?"

"Si ungeniambia?"

"Ungekubali?"

Nisingekubali. Nilikuwa nimeiona siku aliyopewa ile kofia nyeupe ya msimamizi. Aliivaa mpaka kwenye meza ya chakula.

"Kwa hiyo ukasema umeshushwa."

"Aliyeshushwa hadai shukrani. Nilitaka uende shule kichwa kikiwa wazi, usibebe deni langu."

"Nani kashushwa?" mama mkwe akauliza ghafla.

"Hakuna, mama."

"Basi angalia usinikate kidole."

Nikacheka, na kicheko hakikufika mwisho, kikageuka kilio. Miezi yote hiyo nilimshukuru Mungu kwa jibu lake, kumbe jibu lenyewe lilikuwa linalala kando yangu, linakoroma. Nikaweka paji la uso kwenye bega la mume wangu, kwenye unga na jasho. Hakunisukuma. Hakunikumbatia pia. Mikono yake ilikuwa na kazi.

"Ifute," akasema. "Leo si ndiyo wanachagua? Futa hiyo, andika ya mtu mwingine, yaishe."

"Nikiifuta, waliokucheka watabaki na kicheko chao."

Akaniangalia.

"Mwalimu alituambia gazeti likishachapwa limechapwa, kosa linabaki pale watu waone. Mtandaoni unaweza kulifuta kosa na asijue mtu, na hapo ndipo mwandishi anapopimwa. Ukikosea, sahihisho linakaa juu kabisa, kabla ya mstari wa kwanza. Kila atakayefungua ataanza nalo."

"Hata wanaochagua?"

"Wao wa kwanza."

"Watakunyima nafasi uliyoipigia magoti."

"Niliomba wasomaji, mume wangu. Ukweli sikuuomba. Ngoja nianzie hapo."

Tukakaa ukingoni mwa kitanda cha mama, mimi na simu yangu, yeye ananichungulia begani. Saa ilikuwa inakaribia kumi. Darasa ni saa kumi na moja.

"Usiniandike malaika," akaonya.

"Sikuandiki malaika. Malaika hawakoromi."

"Hiyo ya kukoroma umeiweka?"

"Aya ya nne. Nimesema kama mashine ya kukandia unga."

Akafikiri. "Iache. Hiyo ni kweli. Lakini miaka ni ishirini na mbili, wewe umeandika ishirini."

"Nitarekebisha. Na hapa nisemeje? Uliomba kuachia, au uliacha?"

Mume wangu alinyoosha mgongo. Nilimwona, naapa, anarefuka palepale alipokaa.

"Andika nilichagua."

Nikaandika hivi:

"Sahihisho: Makala hii ilisema mume wangu alivuliwa usimamizi kwa sababu ya uzee. Si kweli. Aliandika barua mwenyewe kuuacha, ili jioni akae na mama yake na mimi niende shule. Alinificha kwa sababu alijua ningekataa. Kosa ni langu: niliuliza watu wote, yeye sikumuuliza. Amekanda unga miaka ishirini na mbili na bado ana nguvu za kumbeba mama yake. Alichagua. Nami najivunia kuwa mke wake."

Kabla ya kubonyeza nikafumba macho nisali. "Amina," akaitikia hata sijafungua mdomo. "Bonyeza, utachelewa."

Nilifika darasani nahema. Mwalimu alikuwa ameshaionyesha makala yangu ukutani kwa projekta, herufi kubwa kila mtu aone. Sahihisho lilikuwa juu kama alivyotufundisha. Sikuinamisha kichwa.

"Mama," akasema mwalimu kwa upole, "hili umeliweka leo?"

"Saa moja iliyopita, mwalimu."

"Unajua mstari wako wa kwanza, ule tulioupenda wote, sasa umeanguka?"

"Najua. Ulikuwa mzuri lakini ulikuwa mwongo."

Akaandika kitu kwenye daftari lake. "Alama za uthibitisho nimekukata zote. Sina jinsi. Nafasi ya kila wiki inakwenda kwa mwenzenu fundi simu, kwa makala yake kuhusu baba yake mlinzi."

Nikapiga makofi. Mungu ni shahidi, nilipiga kwa nguvu, na mkono haukuniuma. Kijana wa watu alistahili. Alimhoji baba yake mara nne.

"Lakini kabla hatujaendelea," mwalimu akasema, "someni hapo juu tena. Kimya kimya. Halafu mniambie ni mstari gani mngeacha kusoma."

Wakasoma. Nilisikia feni tu inazunguka. Hakuna aliyetaja mstari.

Fundi simu akanyoosha mkono. "Mama, huyo mzee hana mdogo wake ambaye hajaoa? Dada yangu anatafuta."

Darasa likalipuka. Mwalimu naye akacheka mpaka akavua miwani, kisha akasema, "Mama, mwakani sahihisho hili nitalifundishia. Unaniruhusu?"

"Ngoja nimuulize mwenyewe kwanza," nikajibu.

Mwalimu akashusha ukurasa ukutani tuone maoni ya wasomaji. Yalikuwa yanaingia moja baada ya jingine. La kwanza lilitoka kiwandani: "Sisi wafungashaji tunamwomba radhi. Kesho tungembebea chai, ila tunaogopa atasema tumemzeesha tena." Mama mmoja nisiyemjua akaandika kwamba amemwita mumewe aje asome, na mumewe amejifanya hasikii.

Kisha likaingia jingine, kwa jina la Hamira. Nikajikaza, nikijua ameumuka tena. Mwalimu akaanza kulisoma kwa sauti:

"Simu ni ya Hamira, amekuja kuomba msamaha kwa kutoboa siri ya barua na tumemsamehe. Anayeandika ni mimi. Naandika kwa kidole kimoja, mnivumilie. Nimeisoma yote, ya juu na ya chini, mpaka mwisho. Sasa ni kweli. Miaka imerekebishwa, asante. Mama ameshakula, yupo hapa, anawasalimu. Mke wangu, usikimbie kurudi, maliza kipindi."

Mwalimu akatua. Chini ya maneno yale palikuwa na mstari mmoja umebaki, na akanigeukia mimi nisimame niusome mwenyewe.

Nikasimama. Watu kumi na saba wakanitazama, dobi wa hoteli mwenye mikono iliyochubuliwa na sabuni, nami nikasoma kwa sauti ambayo sikujua ninayo:

"Ni mimi, mume wa mwandishi."