Mlingoti wa Cheche na Antena ya Dirishani

Mama mkwe wa Sindano alikuwa na tabia moja. Hakuweza kutembea bila kushika kitu. Akitoka chumbani, alishika ukuta. Akifika sebuleni, alishika kiti, kisha meza, kisha bega la yeyote aliye karibu. Macho yake yalikuwa hafifu, na kumbukumbu yake nayo ilikuwa imeanza kuvuja. "Mkono wangu ndio macho yangu," alikuwa akisema, na hapo ujue amekwisha kukushika.

Sindano halikuwa jina lake la kuzaliwa. Alikuwa mshonaji, na siku zote alichomeka sindano kwenye kola ya gauni lake, basi watu wakamwita hivyo. Mumewe alichomelea vyuma. Alitengeneza mageti na madirisha katika karakana iliyo ubavuni mwa nyumba, na mtaa mzima ulimwita Cheche. Yule mama mwenye macho hafifu ndiye aliyemzaa.

Mchana mambo yalikwenda vizuri. Shida ilikuwa jioni. Jua likianza kushuka, Mama alianza kuhangaika. Alitaka kwenda nyumbani, ingawa nyumbani kwake ndipo hapo hapo. Kitu kimoja tu kilimtuliza: kipindi cha nyimbo za zamani kwenye televisheni. Wanawake wa kwenye kipindi walianza kwa kuimba "laa, lalalaa" ndefu. Mama akiisikia tu, aliketi, akakunja mikono, akatulia kabisa.

Kisha upepo mkali ulivunja antena yao juu ya paa. Televisheni ikabaki na maneno mawili tu: Hakuna mawimbi.

Jioni hiyo hiyo Mama alipotea. Walimtafuta kila kichochoro. Walimkuta barabara kuu, ameshika ubavu wa lori lililokuwa likinguruma, tayari kuondoka. Dereva hakuwa amemwona. Sindano alimshika mkono akamrudisha nyumbani polepole.

Tangu siku hiyo hofu ilihamia kwenye nyumba ile. Sindano alikuwa akishona jicho moja kwenye kitambaa, jicho moja mlangoni. Mlango ukilia, moyo wake uliruka.

"Mume wangu, tutengeneze antena," alimwambia Cheche. "Jioni zinanitisha."

"Kesho tu," alisema Cheche. "Nitamtengenezea Mama antena ambayo haijapata kuonekana mtaa huu. Chaneli zote za bure zitaingia."

Kesho yake alasiri, Cheche alitoka karakanani akiburuta mlingoti. Fundi wa chuma akiota ndoto, huota chuma. Alikuwa ameunganisha mabomba matatu ya chuma kwa kuyachomelea, ukawa mlingoti mrefu kuliko nyumba. Juu kabisa alichomelea vyuma vyembamba, vimetawanyika huku na huku.

Sindano aliutazama mlingoti. Kisha alitazama juu. Nyuma ya nyumba yao, kutoka nguzo hadi nguzo, ulipita waya wa umeme wa mtaa.

"Cheche, ule waya je?"

"Uko mbali ule."

"Mbali wapi? Mlingoti ukilala upande ule, utaufikia."

"Kwani mlingoti wangu una usingizi?" Cheche alicheka. "Mke wangu, antena ni urefu. Ukienda juu, unakamata mawimbi. Kushona ni kwako, chuma niachie mimi."

Sindano aliutazama waya tena. Alijua kwamba mumewe anaharakisha kwa ajili ya mama yake, na hilo lilimfanya ashindwe kumkatalia.

Cheche aliusimamisha mlingoti uani, karibu na ngazi za mlango wa nyuma. Kitako chake alikitia kwenye debe la mawe. Katikati aliufunga kwa kamba kwenye mti wa kuanikia nguo. Kisha akaenda karakanani kuchukua vyuma vya kuubana ukutani. Sindano alikwenda hadi kwenye geti, mbali kidogo, ili autazame vizuri.

Upepo ulivuma. Haukuwa mkali. Ulikuwa upepo wa kukausha nguo tu. Fundo likateleza. Mlingoti ukainama taratibu, kama mtu anayesinzia, kisha ukaenda wote. Kichwa chake kikatua juu ya waya wa umeme.

Paa! Mwanga wa buluu ulipiga uani. Cheche za moto ziliruka. Redio za majirani zilizimika zote kwa pamoja. Mlingoti ulibaki umeegemea pale pale, kichwa kwenye waya, kitako chini, karibu na ngazi.

Na mlango wa nyuma ukafunguka.

Mama alitoka. Jua lilikuwa linashuka, naye alikuwa anakwenda nyumbani. Mkono wake ulikuwa mbele, unatafuta cha kushika.

Sindano aliona mkono ule, akaona chuma kile. Alitupa hatua ya kwanza ya kukimbia.

"Usikimbie!" Sauti ilitoka upande wa pili wa ukuta. Ilikuwa ya jirani yao, Mama Mnara. Mama huyo alikuwa amefanya kazi miaka mingi kwenye mnara wa matangazo kule kilimani, mpaka alipostaafu. "Sindano, simama hapo hapo! Umeme unaweza kuwa umeingia ardhini! Ukisogea karibu, utakufa kabla hujamfikia!"

"Mama anatoka!" Sindano alilia. "Atashika chuma!"

"Muite! Mrudishe ndani kwa maneno! Ndani yuko salama kuliko sisi!"

"Mama!" Sindano aliita. "Mama, rudi ndani! Usiguse kitu!"

"Naenda nyumbani," Mama alijibu, akashuka ngazi ya kwanza. Tangu lini mama mkwe akaamriwa na mkaza mwana? Alinyoosha mkono zaidi. Mlingoti ulikuwa mbele yake, hatua chache tu.

Sindano alitaka kufumba macho, lakini hakuthubutu. Hapo ndipo alipokumbuka kitu cha pekee ambacho Mama hakuwahi kukikataa. Alifungua kinywa, akaimba.

"Laa, lalalaaa!"

Sauti ilitetemeka vibaya. Mkono wa Mama ulisimama hewani.

"Lalalaaa! Mama, kipindi kimeanza! Wanaimba!"

Mama aligeuza kichwa. "Kimeanza? Na mbona hamkuniambia?" Alipapasa nyuma yake, akapata mwimo wa mlango, akaushika. Akapanda ngazi ile moja, akarudi ndani. Mlango ukajifunga nyuma yake.

Sindano hakuacha kuimba. Aliogopa kuacha. Machozi yalimtiririka na yeye anaimba tu.

Wakati huo Cheche alitoka karakanani mbio. Aliona mlingoti, akaona waya, akaelewa. Alikuwa amevaa glovu zake nene za kuchomelea.

"Nauvuta!" alisema. "Nina glovu!"

"Cheche!" Mama Mnara alifoka. "Glovu hizo ni za moto, si za umeme! Rudi nyuma. Usipige hatua ndefu. Buruza miguu, iwe pamoja."

"Lakini taa zimezimika, Mama Mnara. Umeme haupo tena."

"Nani kakwambia? Taa kuzimika si dalili ya usalama. Waya unaweza kurudi kuwa na moto wakati wowote. Hakuna anayegusa kitu hapo mpaka watu wa umeme waje wakate. Nimekwisha kuwapigia simu."

Cheche alirudi nyuma, akiburuza miguu kama mtoto anayevaa viatu vya baba yake. Alipofika getini alikaa chini.

Wakasubiri. Sindano aliimba mpaka sauti ikakwaruza. Kutoka ndani, mbele ya televisheni iliyozimika, walimsikia Mama akisema, "Leo mwimbaji wao ana mafua."

Hakuna aliyecheka wakati ule.

Mafundi wa umeme walikuja, wakakata umeme mtaa mzima, wakapima, kisha wakauondoa mlingoti. Mkubwa wao alizitazama ngazi, akautazama mlingoti. "Mnaoishi hapa, mmemshukuru Mungu?" aliuliza. Hakusubiri jibu. Cheche aliinamisha kichwa, akaanza kulia. "Ningemuua mama yangu," alisema. "Kwa mkono wangu mwenyewe." Sindano alimshika bega, naye akalia.

Asubuhi iliyofuata Mama Mnara aliwatembelea. Cheche alimletea kiti.

"Mama Mnara, sitaki tena kusikia habari za antena," alisema.

"Na jioni mama yako utamfanyia nini? Utamfunga kamba?" Mama Mnara aliketi. "Antena haina kosa. Kosa ni mlingoti wa chuma karibu na waya. Ukiweka mlingoti wowote, jiulize: ukianguka, upande wowote ule, utafika kwenye waya? Kama utafika, hapo si mahali pake. Wala usipande juu ya paa mvua inaponyesha au radi inapopiga."

"Lakini bila urefu mawimbi yatakamatwaje?"

"Wewe na urefu wako! Kwanza ni kuelekea. Antena inatakiwa kuutazama mnara unaorusha matangazo. Sindano, mnara wa kilimani unaonekana kutoka wapi?"

"Kutoka dirisha langu la kushonea," alisema Sindano. "Taa yake nyekundu ndiyo inayonipa kampani."

"Basi nusu ya kazi imekwisha. Antena itakaa hapo dirishani, ndani. Haitakwenda nje kabisa. Darini, chini ya bati, usiiweke, kwa sababu bati linazuia mawimbi. Leta ubao mkavu. Na ile futi yako ya kushonea."

Sindano alileta ubao mrefu kuliko mkono wake. Cheche alipata mabaki ya waya mnene wa shaba. Sindano alipima kwa futi yake vipande vinne, kila kimoja sentimita arobaini. Alivikata sawasawa, maana mshonaji hakosei kipimo mbele ya mgeni. Kila kipande alikikunja katikati, kikawa na umbo la herufi V. Ncha zake aliziachanisha kwa upana wa kiganja.

"Sasa mbili zikae sehemu ya juu ya ubao, mbili sehemu ya chini," alisema Mama Mnara. "Kati ya jozi ya juu na ya chini, weka sentimita ishirini. Kila jozi, V moja ifungue mdomo kushoto, nyingine kulia. Zinapeana mgongo."

"Kama mke na mume waliogombana," alisema Sindano.

"Ndiyo. Na migongo yao isigusane. Zifunge kwa skrubu."

Kisha waliunganisha V mbili za kushoto kwa waya mmoja ulionyooka, na mbili za kulia kwa waya mwingine. Palipogusana, Cheche alikwangua shaba mpaka ikang'aa. Mama Mnara alichuna kebo ya antena. Waya wa katikati ya kebo ulifungwa kwenye upande wa kushoto, katikati ya juu na chini. Nyuzi za nje za kebo zilifungwa upande wa kulia.

"Angalia hata uzi mmoja usivuke kwenda kwa mwenzake," alisema Mama Mnara. "Vikigusana, picha hakuna."

Walizima televisheni, wakachomeka kebo nyuma yake. Sindano alisimamisha ubao dirishani, uso wake ukitazama kilima. Mkono wake ulisita. Tangu jana aliogopa kila kitu chenye waya.

"Shika bila hofu," alisema Mama Mnara taratibu. "Hii haina umeme wa nguzo. Uko mbali na waya, na uko chini ya paa lako."

Cheche aliwasha televisheni, akaingia mahali pa kutafuta chaneli. Wakangoja. Hakuna. Sindano aligeuza ubao kidogo kushoto. Hakuna. Akaugeuza kidogo kulia, ukatazamana na mnara kabisa. Cheche akatafuta upya.

"Imepata moja!" alipiga kelele. "Mbili! Zinaendelea!"

"Usiusogeze tena," alisema Mama Mnara. "Upigilie msumari hapo hapo."

Jioni ilipofika, Mama alianza kuinuka. "Naenda nyumbani," alisema. Kisha kutoka kwenye televisheni wanawake wakaanza: "Laa, lalalaa."

Mama aliketi. Akakunja mikono. "Mafua yamepona," alisema.

Safari hii walicheka mpaka Cheche akatoka nje kujifuta machozi.

Siku chache baadaye Cheche aliukata ule mlingoti vipande. Alivipiga msasa, akavipaka rangi, akavichomelea upya. Vikawa reli ya kushikia, pembeni mwa ngazi za mlango wa nyuma. Kabla ya kuifunga alimwita Mama Mnara aje aangalie, na Mama Mnara alitazama juu, akatazama chini, akasema ni sawa.

Sasa Mama akishuka uani kuota jua, mkono wake unakwenda mbele, unatafuta, unakikamata chuma kile kile. Sindano huwa dirishani anashona. Kila mara mkono ule unapofunga juu ya chuma, cherehani yake husimama. Akimwona Mama ameshika na anashuka ngazi ya pili, huvuta pumzi, akaendelea kushona.