Matete Yaliyotuficha

Watu wa Gatete, na ninyi wa Magara na Gitaza mnaopita barabara ya ziwa, nisikilizeni. Ninataka kuwaeleza habari za Jafari, mlinzi wa matete, na za nyumba yake. Wengi wenu mnamlaumu. Subirini kwanza nimalize.

Kabla ya vita, pale mto unapoingia ziwani palikuwa na matete marefu kuliko mtu aliyebebwa mabegani. Asubuhi viboko walirudi majini kutoka malishoni, na sisi wanawake tuliwangoja wapite ndipo tuingie kukata majani ya mikeka. Kila mtu alijua mipaka. Matete ya pembeni yalikuwa yetu. Ya ndani, kwenye vidimbwi ambamo samaki huzaliana, hayakuguswa. Kuwasha moto kulikatazwa kabisa. Jafari, aliyewekwa na serikali kulinda eneo lile, aliishi ukingoni na mkewe Kadidja na binti yao Jamila. Ukipita kwake alikuuliza habari za watoto wako kwa majina, na Kadidja alikupa chai hata kama hukuomba.

Kisha vita vikashuka hadi ziwani. Siku tuliposikia risasi upande wa barabara, hatukukimbilia kanisani wala msikitini. Tulikimbilia kwa Jafari. Alitupitisha kwenye vijia alivyovijua yeye peke yake, tukakaa ndani ya matete siku tatu, maji yakitufika magotini, watoto tumewabeba. Wenye silaha walipita karibu hata tukasikia maneno yao. Hawakutuona. Hakufa mtu hata mmoja.

Baada ya hapo watu wakaanza kuvuka ziwa kwenda Tanzania. Kadidja naye akafunga mizigo.

"Baba Jamila, twende. Unabaki kulinda nini? Nyasi?"

"Nyasi hizo ndizo zilizokuficha juzi," Jafari alimjibu. "Nikiondoka leo, kesho watazichoma."

"Basi wewe linda nyasi. Mimi ninalinda mutoto."

Jafari aliwasindikiza mpaka kwenye mtumbwi. Aliporudi nyumbani alikuta sufuria ya uji bado ina joto. Alikula peke yake, akaosha sufuria, akaiweka mahali mkewe alipozoea kuiweka.

Alikaa hivyo miaka miwili. Mshahara ulikoma kufika. Na sisi tuliobaki, tulifanya nini? Nitasema kweli: tulimkwepa. Tuliogopa kuonekana tukielekea upande wa matete, tusije tukaambiwa tunawapelekea chakula wapiganaji waliojificha humo. Jafari alikuja sokoni, akasema "Amahoro," salamu yetu ya amani, tukaitikia macho yakiwa chini. Alinunua chumvi, akaondoka. Mama yangu, Généreuse, mfumaji wa mikeka, alimkuta siku moja akizungumza na viboko. Alikuwa akiwaeleza kwamba Jamila sasa angekuwa mwaka wa nne shuleni.

Ndipo akaja Mulamba, mfanyabiashara wa mawese na maharage kutoka Magara. Yeye hakupita mlangoni tu. Aliketi. Alikula ugali wa Jafari kwa mkono wake, akasifu, na wiki iliyofuata akarudi.

"Mukubwa, unaishi namna gani peke yako hivi?" aliuliza. "Hata mufungwa iko na wenzake."

Mwezi mzima alikuja hivyo bila kuomba kitu. Halafu akasema, "Unipe kipande kidogo tu, pale pembeni, nilime maharage. Mutumbwi yangu inafika Kigoma. Nitamutafuta mama Jamila mimi mwenyewe."

Jafari aliinuka akayatazama matete. "Moto hapana," akasema.

"Moto hapana," Mulamba akakubali.

Ndugu msomaji, usiharakishe kusema wewe ungekataa. Miaka miwili hukusikia mtu akikuita jina lako, kisha anakuja mmoja anayekuahidi mkeo na mwanao.

Kiangazi kilipofika, vibarua wa Mulamba walichimba mifereji. Maji yakatoka, matete yakakauka yakiwa yamesimama. Kisha wakayachoma, ya pembeni na ya ndani. Moto uliwaka siku mbili. Jafari alikimbia huku na huku akipiga ndimi za moto kwa matawi mabichi, akipiga kelele tumsaidie. Sisi tulisimama barabarani tukitazama. Majivu yalipopoa tulikuta ndama wa kiboko amekufa kwenye tope. Mulamba akatangaza kwamba anayetaka sehemu ya kulima aje, na tukaja mbio. Mimi pia nilikwenda. Nilichukua kipande, nikapanda mihogo.

Mama yangu alikataa kukanyaga pale. "Riziki mwanangu," aliniambia, "unalima mahali ulipojificha."

Nilimwona mzee anayelalamika tu. Lakini dalili zilikuwepo. Wavuvi wa ufukweni walianza kurudi na nyavu tupu, na viboko, waliokosa pa kukaa, waliingia katika mashamba ya watu wakaangamiza mahindi.

Mulamba alitimiza ahadi yake ya kumtafuta Kadidja, hilo simnyimi. Mvua zilipoanza, Kadidja alishuka kwenye mtumbwi, na Jamila nyuma yake, amerefuka, anamtazama baba yake kwa haya. Jafari alicheka na kulia kwa pamoja. Kadidja alimshika mkono, kisha akaona nchi nyeusi iliyokuwa wazi mpaka majini.

"Matete iko wapi?"

"Nimeyatoa ili urudi."

"Umenirudisha nijifiche wapi?"

Haukupita mwezi. Jumanne moja saa sita mchana, risasi zililia tena barabarani. Miguu yetu ilitupeleka ilikozoea. Tulifika pale tukajikuta tumesimama katikati ya mistari ya maharage inayotufika kwenye vifundo vya miguu, tunaonekana kutoka kila upande. Walikufa watu saba. Mama yangu alianguka ndani ya mihogo yangu. Kadidja na Jamila walipona kwa kulala kifudifudi ndani ya mfereji. Jafari alibeba majeruhi mpaka kwenye mitumbwi, akarudi, akabeba wengine. Mama yangu alikuwa amekwisha kata roho, lakini nilimsihi Jafari, naye akambeba mgongoni. Mulamba siku ile alikuwa kwake Magara.

Wiki iliyofuata Kadidja alivuka tena na Jamila. Jafari alitaka kwenda nao. Mkewe alimzuia ukingoni, bila ukali.

"Safari ya kwanza nilimuacha mutu aliyelinda watu wote. Huko kambini nilikuwa ninajisifu kwa ajili yako," alisema. "Leo sijui ninamuacha nani."

Kadidja hakurudi tena. Jafari alibaki katika nyumba ile, na safari hii hata "Amahoro" yake haikuitikiwa. Kila asubuhi alichukua jembe akafukia mifereji, peke yake, ili maji yarudi. Mimi nilimchukia miezi mingi. Kisha nikakumbuka nani alipanda mihogo ile. Nilikwenda, nikaing'oa yote, nikaanza kufukia mfereji upande wa pili. Siku ya tatu aliniuliza habari za watoto wangu, mmoja mmoja.

FUNZO

Matete, vidimbwi na wanyama wake si mapambo wala ardhi iliyolala bure. Hutulishia samaki, huzuia viboko wasiingie mashambani, na siku ya hatari hutuficha. Anayeyamaliza kwa tamaa ya mavuno ya msimu mmoja anajivua nguo yeye na kumvua jirani yake.

Lakini kuna jambo la pili, na hilo ndilo linaloniuma. Kitu cha watu wote tulimwachia mtu mmoja akilinde, halafu tukamwachia na upweke wake. Mulamba hakuwa na kazi ngumu. Alileta tulichokuwa tumemnyima. Kwa hiyo usiniambie kwamba Jafari aliuza matete kabla hujaniambia, katika miaka ile miwili, ni siku gani uliingia nyumbani kwake ukaketi.