Tonge Sakafuni

Mkono wa tatu ulipoingia kwenye sinia, Domitila alidhani ni wa jirani yake. Kumbe Natalia alikuwa amekwisha kunawa, ameketi pembeni.

"Natalia, umerudi kula?"

"Mimi? Nimeshiba zamani."

Basi Domitila na bintiye Tekla ndio tu waliobaki wakila.

Walikuwa kwenye ukumbi wa kula wa chombo kile cha chuma kilichoshuka toka angani enzi za Mwingereza, mafuriko yalipokimeza kijiji chao cha Michenga. Watu walikipanda wakidhani ni meli ya serikali. Mlango ukajifunga, kikapaa, na sasa madirishani ni nyota tupu, juu nyota, chini nyota. Wenye chombo hawakuonekana. Majiko yaliwaka bila moto, basi watu wakapika mchele waliouokoa, wanaume sinia lao, wanawake lao. Binadamu bwana, akishapata pa kupikia hupaita nyumbani.

Balaa lilikuwa kwa Tekla, mtoto wa pekee wa Domitila. Alikula kuliko wote, na bado alikonda mpaka mbavu zikaonekana. Na kila mlo ukumbi ulinuka tope la mto, ndani ya chombo kisicho na hata chembe ya udongo.

Domitila akamwendea Mzee Bwanaheri, mwenye duka wa Ifakara aliyejua visomo vya kufukuza majini.

"Shikamoo mzee. Mtoto ananifia."

"Marahaba." Mzee akashusha sauti. "Kabla ya kula huwa mnafanyaje?"

"Kama nyumbani. Namdondoshea marehemu mama tonge chini, nasema, 'Mama, pokea.' Maji ya mafuriko yalimchukua, hata kumzika sikumzika."

Bwanaheri akashika kichwa. "Nyumbani kuna ardhi ya kupokea, mama Tekla. Hapa chini ni chuma, na chini ya chuma ni giza. Unamlisha nani?"

"Nifanyeje mie?"

"Nitasoma. Lakini uliyemwita ni wewe, na wewe ndiye utakayemkana."

Sinia likatengwa, Bwanaheri akaanza kusoma, na taa zikafifia, na harufu ya tope ikapanda mpaka ikakaa ulimini, na kitu kikawa kinakwaruza chini ya sakafu, kikisogea, kikisogea, mpaka vidole vilivyovimba kwa maji vikatokea ukingoni mwa sinia, vikafinyanga tonge, vikalibonyeza kwa dole gumba, vile vile alivyokuwa akifanya mama yake tangu Domitila akiwa mdogo, na sauti ambayo angeijua popote ikasema kwa upole, "Domi, mwanangu, nina njaa."

Hakuna mwingine aliyewahi kumwita Domi. Domitila alitamani kuushika mkono ule, aubusu, aombe radhi kwa kutomzika. Akamtazama Tekla aliyelala mkekani, mdomo wazi, pumzi ya kuazima.

"Wewe si mama yangu!" akapiga kelele huku analia. "Sikujui! Toka!"

Vidole vikateleza, vikapotea. Harufu ikakatika, taa zikawaka.

"Alhamdulillahi," akasema Bwanaheri, jasho likimtiririka.

Tekla akafumbua macho, akaomba chakula. Domitila akacheka na kulia kwa pamoja, akamsogezea sinia, na safari hii hakudondosha kitu. Mtoto akaketi vizuri. Akafinyanga tonge, akalibonyeza kwa dole gumba, akatafuna taratibu akimtazama.

"Domi," akasema, "mbona umenikana mbele ya watu?"