Katekista Flavian na Nyoka wa Mtume Paulo

Mwaka wa sabini na sita nilikuwa nafundisha kisomo katika kijiji chetu cha ujamaa, kando ya barabara ya Muze. Wanafunzi wangu walikuwa watu wazima. Walikuja darasani na matope miguuni, wengine na watoto mgongoni.

Zita aliwashinda wote kwa bidii. Mumewe, Flavian, alikuwa katekista wa kigango, akitufundisha dini katika kanisa letu dogo. Nyumbani kwao palikuwa na kitabu kimoja tu, chenye habari za Yesu na barua za mitume. Zita alijifunzia humo. Jioni moja alinijia, kidole kimekwama kwenye neno.

"Mwalimu Margareth, hapa Paulo anamtaja Luka. Tabibu ni mtu gani?"

"Tabibu ni daktari, Mama Bertilla."

"Kumbe!" Akacheka, akaenda zake kupika.

Flavian naye alikuwa na habari yake moja aliyoipenda. Mtume Paulo alivunjikiwa na meli, akafika kisiwani. Alipokuwa akitia kuni motoni, nyoka alimng'ang'ania mkono. Watu wakangoja avimbe, aanguke. Paulo akamkung'utia nyoka motoni, wala hakudhurika. Flavian alituhadithia hayo kila mwaka. Tulifurahi, tukaenda nyumbani. Hakuna aliyeuliza kitu.

Ikafika siku ya kazi ya pamoja. Tulikuwa shamba la kijiji tukilima intumba, yale matuta ya mviringo ambayo sisi Wafipa tunafukia nyasi ndani yake zioze ziwe mbolea. Flavian alikuwa akizoa nyasi kwa mkono wa kushoto. Mara akapiga ukelele.

Bafe, yule nyoka mnene mfupi, alikuwa amemuuma kidole.

Flavian alimpiga kwa jembe, akambeba kwa jembe hilohilo mpaka mahali wanawake walipokuwa wakisonga ugali. Akamtupa motoni.

"Kaeni mtazame," alisema. "Mtume hakuvimba. Na mimi sitavimba."

Tukakaa. Naona aibu kuandika haya, lakini ndivyo ilivyokuwa. Hata mimi mwalimu mzima nilikaa chini nikautazama mkono wa mtu. Zita peke yake ndiye aliyekimbia kwenda zahanati.

Kidole kikavimba. Kisha kiganja. Ngozi ikawa inang'aa. Flavian akatapika. Mungu wangu, tulikuwa tunangoja nini?

Zita alirudi na Eustaki, mganga wa zahanati yetu. Eustaki alituangalia, asiamini macho yake.

"Mmekaa? Mtu anakufa, ninyi mmekaa?"

Mzee mmoja akachomoa kisu ili amchanje.

"Weka kisu, baba! Ukimchanja unamwongezea jeraha tu. Wala msimfunge kamba ya kubana, mkono utaoza. Mlazeni. Asitembee, asihangaike. Akihangaika, sumu inaenda mbio."

Aliomba mafuta, akaivua pete ya ndoa kabla kidole hakijaimeza. Kisha akaulaza mkono juu ya mpini wa jembe, akaufunga polepole kwa kanga ya Zita usitikisike.

"Dawa ya sumu hii mimi sina," alisema. "Iko hospitali, mjini. Lori la Huseni linapita saa nane. Likitupita, hakuna jingine mpaka kesho. Na kesho huyu hatutakuwa naye."

Tulilisikia lori likinguruma mlimani, likipanda kutoka Muze.

"Siendi," Flavian alisema. "Nikienda, nitasema nini kanisani? Paulo hakubebwa kwenda hospitali."

Zita hakubishana naye. Alifungua mkoba wa mumewe, akatoa kile kitabu ambacho Flavian alitusomea asubuhi kabla ya kazi. Akatafuta ukurasa. Alikuwa hajapata kusoma mbele ya watu. Alisoma neno kwa neno, jinsi Paulo anavyowapelekea rafiki zake salamu za Luka aliyekuwa pamoja naye.

"Ta-bi-bu," alisoma. "Tabibu mpendwa. Baba Bertilla, tabibu ni daktari. Paulo alikuwa na daktari wake, naye alimpenda. Wewe wako unamkataa kwa nini?"

Flavian alimtazama mkewe kana kwamba anamwona kwa mara ya kwanza.

"Nimepita hapo mara ngapi?" aliuliza kwa sauti ndogo. Kisha akasema, "Nibebeni."

Huseni alisimamisha lori. Alipouona ule mkono alishika kichwa. "Lahaula! Shusheni magunia! Mpunga utangoja, huyu hangoji."

Flavian alikaa hospitali mwezi mzima. Alirudi hai, amekatwa kidole kimoja. Siku hizi hakuna anayezoa nyasi shambani kwetu kabla ya kuzichokora kwa fimbo ndefu. Na mtu akiumwa na nyoka, hatukai kutazama.

Jumapili moja watu waliiomba ile habari ya kisiwani. Flavian aliisimulia yote, hakuruka kitu. Kisha akauinua mkono wake wenye vidole vinne.

"Paulo hakudhurika, ni kweli. Lakini mimi si Paulo. Na kitabu chake sikukisoma chote, nilikisoma kipande nilichokipenda. Mama Bertilla, njoo utusomee."

Zita alipita mbele na kitabu. Akafika kwenye neno lile, tabibu, na kidole chake hakikusimama.