Swali la Jenerali

Hilux nyeupe ilipita taa nyekundu kwa kasi ya mia na ishirini, na Sindano akapita nyuma yake.

Yamaha ililala kwenye kona mpaka kiatu chake kikakwaruza lami. Muuza magazeti akarukia mtaroni huku akimtukana mama yake Sindano, mwanamke wa watu asiye na kosa lolote.

Redio ikakoroma sikioni.

"Mkuu hapa. Mzigo?"

"Mbele yangu. Mita mia mbili."

"Wakaguzi wa kimataifa wanafika ghalani saa nne. Sasa hivi ni mbili na nusu. Pipa lirudi kabla yao."

"Na dereva?"

"Dereva asifike mahakamani."

Sindano alikaza mkono kwenye mafuta.

Dereva alikuwa mjomba wake.

Mkuu alilijua hilo. Ndiyo maana alimtuma yeye. Alidhani mjomba hatamkimbia mpwa wake. Kumbe alikimbia vizuri tu.

Asubuhi ile Sindano alikuwa ameingia ghalani na tochi. Mapipa arobaini na moja ya urani yalikuwa humo, mabaki ya bomu ambalo nchi ililiacha njiani miaka thelathini iliyopita. Kila mwaka wakaguzi huja, huhesabu, hufunga kila pipa kwa lakiri ya chuma, huenda zao. Hakuna anayeruhusiwa kuigusa lakiri, hata kuipangusa. Arobaini zilikuwa na vumbi la mwaka mzima.

Moja iling'aa. Pipa lake lilikuwa la bandia, limejaa mchanga.

Sindano hakuhitaji maabara. Alilelewa katika nyumba ambayo vijiko vilipanguswa kwa spiriti, mpaka uji ukanuka hospitali. Mtu mmoja tu duniani hawezi kuweka chuma chini kabla hajakisafisha: mtunza ghala, kaka wa mama yake, aliyekuwa zamani mhandisi mkuu wa bomu lenyewe. Mwizi msafi, basi.

Hilux ikakata kushoto, ikaingia kwenye ua wa kiwanda cha sabuni kilichokufa.

Saa ya mkononi ya Sindano ikatetemeka. Ilitengenezwa kunusa mionzi, na haijawahi kukosea.

Mnunuzi alikuwa akisubiri kando ya lori. Mgeni, suti ya kitani, bastola yenye kiziba sauti. Alifyatua kwanza. Kioo cha pikipiki kikapasuka.

Sindano aliiacha Yamaha iende peke yake, akabiringika, akainuka na Glock.

Risasi mbili.

Moja ya mkono, moja ya goti. Mgeni akaketi chini kama mtu aliyekumbuka kwamba amechoka. Sindano alimfunga pingu kwenye bampa la lori, kisha akaiendea Hilux.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba." Mzee hakutoa mikono kwenye usukani. "Umekuja peke yako?"

"Peke yangu. Kwa nini, mjomba?"

"Shuleni mlifundishwa kwa nini tuliliacha lile bomu?"

"Kwa sababu tunapenda amani."

Mzee akacheka kicheko kibaya. "Mimi nilikuwemo chumbani, mwanangu. Rafiki yetu mkubwa alishasema tukijenga anaondoa ulinzi wake. Jirani alishasema tukijenga naye anajenga. Hayo wakubwa wangeyameza. Halafu jenerali mmoja, aliyenyamaza tangu asubuhi, akaniuliza: tukilirusha kwa jirani, upepo unaelekea wapi? Nikamwambia ukweli. Miezi minane kwa mwaka unakuja kwetu. Akafunga faili."

"Si ungedanganya?"

"Niliulizwa swali la kitaalamu."

"Kwa hiyo uliliua mwenyewe."

"Kwa jibu moja. Na hakuna aliyesema ahsante. Nikapewa funguo za ghala, nilinde mapipa kama mbwa wa getini. Nilitaka nilione limekamilika kabla sijafa. Hata kama ni la watu wengine."

Sindano alimpenda mzee huyu, na alitamani kumchapa makofi.

"Hao watu wengine, mjomba. Upepo wa kwao unaelekea wapi?"

Mzee hakuwa amewauliza.

Mikono yake ikaanguka mapajani.

Redio ikakoroma tena, kwa sauti iliyomfikia hata mzee. "Sindano. Pipa?"

"Ninalo."

"Lirudishe. Funga lakiri ya bandia, imwagie vumbi. Mzee mmalize hapohapo, tutasema ajali."

Sindano alimtazama mjomba wake. Alikuwa amesikia kila neno, na wala hakuomba.

Jirani hajengi bomu kwa sababu anaiamini hesabu yetu, Sindano aliwaza. Siku atakayogundua vumbi la kumwagia, ataanza kuchimba urani. Na sisi tutamfuata.

Akazima redio.

"Sogea, mjomba. Naendesha mimi."

Saa nne kamili walikuwa ghalani na pipa; polisi walikuwa wameshamchukua mgeni kule kiwandani. Mzee alisimama mbele ya wakaguzi akaeleza alivyokata lakiri, alivyotengeneza ya bandia, alichojaza pipani. Alieleza kwa utulivu, kama anafundisha darasa. Akamsahihisha hata mkaguzi mkuu, mama wa miwani, alipokosea uzito.

Yule mama aliandika kurasa tatu. "Miaka kumi na tisa nahesabu mapipa," alisema. "Sijawahi kuambiwa kitu kabla sijauliza." Kisha akahesabu. Arobaini na moja. Ripoti ingefika kwa jirani jioni ileile, pamoja na aibu yetu yote.

Mkuu aliwachekea wageni kwa meno. Alipopita karibu na Sindano hakuwa anacheka. "Kesho usije kazini."

Mzee akapandishwa karandinga. Miaka ishirini, wangempa. Hakugeuka nyuma.

Simu ikalia. Mama.

"Ni kweli ninayoyasikia? Umemfunga kaka yangu?"

"Ni kweli, mama."

"Aliyekulea. Umemsimamisha mbele ya wageni aungame kama kibaka." Mama alikuwa akilia. "Afadhali ungemuua."

Sindano alivaa glavu, kidole kimoja kimoja.

"Hata bosi wangu alisema hivyo, mama."

Simu ikakatwa. Sindano akaitia mfukoni, akashika njia kwa miguu kuelekea kiwanda cha sabuni, alikoiacha pikipiki.