Safu ya Arobaini

Ghala la dawa la Berrechid lilikuwa na safu thelathini na tisa za rafu. Kwa hiyo Jumatatu moja asubuhi, Ghizlane alipoona kompyuta inaonyesha katoni sita za insulini ziko safu ya arobaini, alidhani kuna aliyekosea kuandika. Yeye ndiye aliyepanga mizigo kwa mfumo wa kompyuta hiyo, uliofuatilia kila katoni tangu inaposhushwa bandarini Casablanca hadi inapopokelewa hospitali ya Zagora. Akaifuta safu hiyo. Baada ya chai ilikuwa imerudi, na katoni zimefika kumi na nane.

Alikwenda kutazama mwenyewe. Kwenye rafu zake za kawaida insulini haikuwepo. Safu zilipoishia palikuwa na ukuta mweupe tu, na harufu ya tope bichi, ingawa ulikuwa Julai na mvua ilikuwa haijanyesha tangu Machi. Alipotega sikio ukutani alisikia maji yakidondoka, mbali, chini kabisa.

Hammou, dereva wa foklifti, mzaliwa wa pale pale, ndiye aliyemweleza. Chini ya ukuta ule palikuwa na kisima cha babu zake, na wajenzi walikifukia bila kusoma hata Fatiha.

"Hakikuwa chetu peke yetu, Lalla," alinong'ona, akimwita bibi kwa heshima ya kwao. "Kina wenyewe."

Bosi wao, Benaissa, ambaye wote walimwita Si Benaissa, yaani Bwana Benaissa, alicheka. Alisema Zagora wamepiga simu mara tatu, wana wagonjwa wodini wanaoingoja dawa hiyo, na yeye hana muda wa habari za visima. Akamwamuru Hammou azifuate katoni popote skana itakapomwelekeza.

Hammou akapanda foklifti. Ghizlane alimtazama akipita safu ya thelathini na saba, ya thelathini na nane, ya thelathini na tisa, skana ikilia mkononi mwake, ikizidi kulia kadiri ukuta ulivyokaribia, harufu ya tope ikajaa ghala zima hata wapakiaji wakaziba pua, taa zikafifia, na pale ukuta ulipopaswa kumzuia haukumzuia, bali alizidi kuwa mdogo kama mtu anayeshuka ngazi ndefu, mpaka ikabaki sauti ya skana peke yake, kisha maji.

Ukuta ukawa mweupe kama kawaida. Kwenye kompyuta palitokea mstari mpya: *Hammou Ouchen. Idadi: 1. Safu ya 40. Imepokelewa.*

Si Benaissa mwenyewe ndiye aliyemleta fakihi kutoka Settat. Mzee yule alimwaga chumvi chini ya ukuta, akafukiza, akasoma mpaka jasho likalowesha kanzu yake. Sauti ikajibu kutoka sakafuni, ya upole, kama ya mwenye nyumba anayezungumza na wageni.

"Mlinizibia mlango. Basi na mimi nimeanza kuweka akiba."

Fakihi akaamuru wavunje sakafu. Walivunja mpaka kisima kikaonekana, na ndani yake, juu ya foklifti iliyozama nusu, Hammou amekaa akizikumbatia katoni. Walimvuta kwa kamba. Alikuwa hai, lakini baridi kama samaki. Insulini ilikuwa salama. Lori la Zagora likaondoka kabla ya magharibi, na wapakiaji wakakumbatiana wakilia.

Ghizlane akarudi mezani kuhakikisha. Safu ya arobaini ilionyesha sifuri, akashusha pumzi. Ndipo alipoona kilichoandikwa chini yake. Mfumo ule ulitengenezwa usivumilie pengo: kitu kikitoka rafuni, wenyewe huagiza kingine kijaze nafasi. *Mtu. Idadi: 1. Kufika: leo.*

Simu ya getini ikalia. Mlinzi alisema amekuja baba mmoja mwenye mkoba wa chakula, kaitwa kuanza kazi leo, anauliza safu ya arobaini iko upande gani.

"Mzuie," Ghizlane alisema. "Tafadhali, kaka, mzuie hapo hapo."

Kwenye simu ukasikika mlio wa lango likijifunga.

"Nishamfungulia, Lalla. Jina lake lilikuwemo kwenye orodha ya leo."