Kamera Iliyomwona Sekake Peke Yake

Zilikuwa zimebaki siku tatu kabla ya mbio za farasi za Semonkong, na katika boma la Tlali, ambaye wote walimwita Ntate, yaani Baba, hapakuwa na mtu aliyeweza kutulia. Tlali alisugua lijamu ambayo tayari ilikuwa inang'aa. Mkewe, Makhopotso, alisonga ugali uani huku akipiga hesabu ya wageni. Sekake, mtunza farasi, alimtembeza Sefefo kuzunguka boma. Majirani walisimama ukutani, wamejifunika mablanketi yao, wakimtazama farasi yule mwekundu. Kila mmoja alisema kwamba mwaka huu ni zamu ya Sefefo.

Lakini Sefefo hakuwa mzima. Wiki nzima alikuwa mzito. Jumatano asubuhi alilala chini bandani, tumbo limejaa, akigeuza shingo kujitazama ubavu. Sekake alimwinua, akamtembeza mpaka tumbo likalegea. Tlali alipochungulia ndani ya hori aliona punje za mahindi.

Farasi wa mbio hulishwa kwa kipimo. Sefefo alipewa makopo mawili ya shayiri na nyasi kavu, na mahindi alikuwa amekatazwa. Sekake ndiye aliyekuwa na jukumu hilo. Alipoulizwa, alijibu kwamba hakuyaweka yeye.

"Basi nani?" Tlali aliuliza. Akatoa simu. "Kamera haina ndugu wala rafiki. Wiki nzima imemwona mtu mmoja tu akija kwenye banda hili alfajiri. Ni wewe."

Ilikuwa kweli. Kamera hiyo ililetwa na binti yao, Khopotso, baada ya wezi wa mifugo kuingia kijiji cha jirani. Tlali aliifunga kileleni mwa banda, ikalielekea lango. Kila alfajiri ililiza simu ya Tlali na kuleta picha ya Sekake akitoka kibandani kwake na kukatiza ua, ndoo mkononi. Picha ya mtu mwingine saa hizo haikuwepo.

Tlali alisema kwamba Ijumaa atampeleka Sekake kwa chifu. Angemfukuza kazi, na wale kondoo kumi na wawili, ujira wake wa mwaka mzima, angewakosa. Sekake hakubishana. Alivaa kofia yake, akarudi kumsugua farasi. Makhopotso alimwona akifanya hivyo, na moyo ukamuuma. Mtu mwenye hatia hamsugui farasi namna ile.

Alhamisi asubuhi na mapema alifika Nthatisi, fundi wa simu na kamera kutoka sokoni. Sakitu, umande ulioganda kwa baridi, ilikuwa bado nyeupe kwenye majani. Tlali alikuwa amemwita ili azihifadhi zile picha vizuri, apate ushahidi wa kumwonyesha chifu.

Nthatisi alizitazama picha zote. Kisha akainua macho kileleni mwa banda.

"Ntate, kamera hii mliijaribu?"

"Kuijaribu vipi? Inafanya kazi. Sekake anaonekana mpaka vifungo vya koti."

"Sekake anaonekana. Mimi je? Nimeingia langoni sasa hivi, nimekuja mpaka hapa. Simu yako imelia?"

Tlali aliitazama simu. Haikuwa imelia.

Nthatisi hakucheka. Alimwomba Makhopotso ajifunike blanketi na kuvaa kofia, kama anavyovaa mtu yeyote alfajiri, aende langoni, halafu aje moja kwa moja hadi bandani. Makhopotso alienda, akageuka, akaja. Mapigo ya moyo yalimwenda mbio kama vile yeye ndiye farasi. Simu ilikaa kimya. Kisha Nthatisi akamwambia avue blanketi, akatize ua kutoka kibanda cha Sekake. Hakuwa amepiga hatua tano, simu ikalia.

"Rudia," Tlali alisema. Sauti yake ilikuwa imebadilika.

Walirudia mara nne. Sekake mwenyewe aliitwa, akafunikwa blanketi, akaja kutoka langoni. Kamera haikumwona. Jirani mmoja aliyekuwa ukutani akasema anaomba blanketi kama lile, kuna mtu anamdai.

Ndipo Nthatisi akaeleza, polepole, ili kila mtu aelewe.

"Kamera hii ni ya betri. Haitazami saa zote, inalala. Ndani yake kuna kihisi kinachosikia joto likipita, nacho ndicho kinachoiamsha. Mtu akikatiza mbele yake, joto linahama kutoka upande huu hadi ule, kihisi kinashtuka. Akiijia moja kwa moja, joto halihami. Linakua kidogo kidogo tu. Sasa mfunike mtu huyo blanketi la sufu asubuhi ya baridi. Joto lake limebaki ndani, na nje blanketi ni baridi kama ukuta. Kamera itashtushwa na nini?"

Alisema pia kwamba kamera ilikuwa juu mno. Mtu akifika mlangoni mwa banda anakuwa chini yake kabisa, na hapo haimwoni. Tlali alikiri kwamba aliipandisha ili isiibiwe.

"Ukiificha mbali na mwizi, unamficha mwizi mbali nayo," Nthatisi alisema. Akafungua mipangilio kwenye simu, akakunja uso. "Na nani ameshusha wepesi wa kuhisi mpaka chini kabisa?"

Makhopotso alitamani ardhi immeze. Angeweza kunyamaza. Lakini alimtazama Sekake, aliyekuwa amesimama na blanketi la kuazimwa mabegani.

"Ni mimi," alisema. "Simu ililia kutwa nzima. Kuku akipita, inalia. Nikipika, moshi na mvuke wa chungu ukipanda, inalia. Nikaishusha ili inyamaze. Sikujua kwamba ninampofusha mlinzi."

Nthatisi alimwambia kwamba watu wengi hufanya hivyo. Kamera ikipiga kelele za bure, dawa si kuiziba masikio. Dawa ni kutafuta kinachoisumbua na kukiondoa mbele yake.

Wakaanza kazi, na ua mzima ukachangamka. Tlali alishika ngazi. Nthatisi aliishusha kamera, akaifunga kwenye ukuta wa kando, juu kidogo ya kimo cha mtu mrefu akinyoosha mkono, ikiinama kidogo. Sasa haikulielekea lango tena. Ilitazama njia kwa ubavu, ili kila aendaye bandani aikatize. Alipangusa kioo na kuondoa utando wa buibui. Kwenye simu alichora mipaka ya eneo la kulinda, akaliacha jiko nje. Wepesi wa kuhisi aliupandisha hadi katikati. Muda wa kupumzika baada ya kila picha, uliokuwa dakika tano, akaupunguza hadi mfupi kuliko yote. Makhopotso alihamisha mtama wa kuku nyuma ya nyumba.

"Sasa jaribuni wenyewe," Nthatisi alisema. "Jaribuni kwa nguo mnazovaa, kwa njia mnazopita, saa mnazopita. Na kila mwezi mjaribu tena."

Makhopotso alijifunika blanketi mpaka puani, akaja kutoka langoni. Simu ikalia. Alishika mdomo kwa furaha. Jirani naye akapita amejikunja. Simu ikalia. Tlali akapita kinyumenyume, mtu mzima na heshima zake, simu ikalia, na watu wakacheka mpaka Sefefo akasimamisha masikio.

Sekake hakucheka. Alijua kwamba bado hakuna aliyepatikana.

Ijumaa, kabla jua halijavuka mlima, simu ililia kando ya kitanda. Makhopotso aliikamata kwa mikono miwili. Pichani alimwona mtu aliyejifunika blanketi akikatiza ua taratibu, fimbo mkononi. Makhopotso aliutambua mwendo ule hata kabla ya kuuona uso. Mkamwana halitamki jina la baba mkwe wake, kwa hiyo alimtikisa mumewe na kumpa simu tu.

Tlali aliitazama picha, akavaa viatu bila kufunga kamba, akatoka mbio. Makhopotso akamfuata. Sekake naye alikuwa ametoka na ndoo yake. Wote watatu walimkuta mzee Hlalele, baba yake Tlali, mlangoni mwa banda. Sefefo alikuwa amenyoosha shingo kumlaki. Chini ya blanketi la mzee palikuwa na bakuli la mahindi.

"Mnaniangalia nini?" mzee aliuliza. "Makopo mawili ya shayiri. Hicho ni chakula cha farasi au cha njiwa? Nani ameshinda mbio kwa njaa?"

"Baba, kwa nini hukusema?" Tlali aliuliza.

"Nani aliniuliza?"

Nyumba ya mzee ilikuwa nje ya lango, juu kidogo, na masikio yake yalikuwa mazito. Kwa heshima, hakuna aliyethubutu kumuuliza mzee kama yeye ndiye. Kwa heshima hiyo hiyo, karibu Sekake apoteze kondoo wake kumi na wawili.

Tlali alivua kofia. Alimgeukia Sekake.

"Nilikushtaki mbele ya mke wangu. Leo nakuomba radhi mbele yake na mbele ya baba yangu. Niliamini chombo ambacho sikukijaribu, nikakataa neno la mtu ambaye miaka minne nimemjaribu."

Sekake akalichukua lile bakuli kutoka kwa mzee, kwa mikono miwili.

"Nimesikia, Ntate. Sasa tumtembeze farasi. Mbio ni kesho."

Mzee, alipoelezwa yote kwa sauti kubwa, alirudi kwake, akatoka akimvuta kondoo jike kwa kamba, akamfunga mlangoni kwa Sekake. Akawa wa kumi na tatu.

Jumamosi Sefefo alikimbia na tumbo jepesi. Farasi kumi na tisa walitimua vumbi, na Makhopotso alipiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka. Sefefo alimaliza wa pili, kichwa tu nyuma ya wa kwanza. Tlali alimbeba Sekake mgongoni mbele ya kijiji kizima.

Siku hizi simu hailii ovyo. Hulia kila alfajiri mara mbili. Ya kwanza ni Sekake na ndoo yake. Ya pili ni mzee Hlalele, anayekuja kumsalimu farasi. Akifika katikati ya ua husimama, huigeukia kamera, na hulifungua blanketi lake pande zote mbili katika baridi ile kali, ili Tlali aone simuni kwamba hana mahindi.